Akiba ya Nani? Visima, Mapori na Jiko la Mbagala

Lugha yetu imezipa ardhi zinazolindwa majina ambayo kila mpenzi wa maneno anapaswa kuyatazama mara mbili. Tunasema hifadhi ya taifa, na neno hifadhi ni ndugu wa yule mtu aliyehifadhi Kurani kifuani mwake: kitu hutunzwa kisipungue hata herufi moja. Tunasema pori tengefu, yaani pori lililotengwa na shughuli za kila siku. Tena tunasema pori la akiba, na hapo ndipo mjadala wa makala haya unapoanzia, kwani akiba huwekwa ili siku moja itumike. Mwenye kuweka akiba hakuapa kutoigusa milele. Ameahidi kutoigusa leo. Basi pakizuka swali la kuruhusu au kutoruhusu visima vya mafuta na gesi katika ardhi na bahari zilizolindwa, kila upande unaweza kulivuta neno kwake, na wote wawili wasiwe wamesema uongo.

Swali hili huzungumzwa mno kwa mifano ya mbali. Kwetu sisi tunaoishi pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Tegeta na Bunju upande wa Kinondoni hadi Mbagala na Chamazi upande wa Temeke, jambo hili limo ndani ya nyaya za nyumba zetu kwa zaidi ya miaka 20. Hata msomaji wa Unguja hayuko mbali nalo, kama nitakavyoeleza. Lakini kwanza tuitazame historia, maana mipaka ya mapori yetu ina waandishi wake, na waandishi hao walikuwa na haja zao.

Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri iliyotenga mapori ya kwanza ya wanyama katika koloni la Kijerumani, mojawapo likiwa katika bonde la Rufiji. Miaka 9 baadaye vikaja Vita vya Maji Maji, na njaa iliyofuata ikaviacha vijiji vingi vya kusini magofu. Waingereza walipoitwaa nchi, walilikuza pori hilo na mwaka 1922 wakalipa jina la Frederick Courteney Selous, mwindaji aliyeuawa vitani Beho Beho Januari 1917. Katika miaka ya 1940 watu wa sehemu za Liwale wakahamishwa kwa sababu iliyotajwa kuwa ni malale, na pori likapanuka juu ya mahame yao. Kwa hiyo ule ukimya ambao mgeni huustaajabia na kuuita uasilia, kwa sehemu kubwa ni ukimya wa watu walioondolewa. Nalisema hili mapema kwa sababu upo mtindo wa kuandika juu ya mapori kana kwamba yaliumbwa Jumatatu na binadamu akafika Ijumaa. Ukweli ni kwamba mpaka wa pori ni hati, na hati huandikwa na mwenye kalamu.

Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa Ilani ya Arusha, ambayo isichanganywe na Azimio la mwaka 1967. Ilani ile iliwatambua wanyamapori na makao yao kuwa ni amana ambayo taifa jipya linaipokea kwa niaba ya vizazi vijavyo, ikaomba pia msaada wa wataalamu na fedha kutoka nje. Amana ni neno zito kuliko akiba. Akiba ni mali yangu. Amana ni mali ya mwingine iliyo mkononi mwangu. Tangu siku hiyo serikali yetu imekuwa ikitembea na maneno hayo mawili, moja katika kila mkono.

Wakati huohuo wapo waliokuwa wakitembea pwani hiyohiyo wakitafuta kitu kingine. Kuanzia mwaka 1952 kampuni za BP na Shell zilipewa kibali cha kutafuta mafuta katika pwani yote ya Tanganyika na visiwa vya Unguja, Pemba na Mafia. Walichimba visima vya uchunguzi Mafia, Unguja na Pemba, wakaondoka mikono mitupu mwaka 1964. Mwaka 1968 mafuta na gesi asilia yakaingizwa katika orodha ya Mambo ya Muungano, jambo ambalo wasomaji wa visiwani hawahitaji kukumbushwa mjadala wake. Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC, likaundwa mwaka 1969. Kisha kampuni ya Kiitaliano ya AGIP ikapata gesi katika kisiwa cha Songo Songo, wilaya ya Kilwa, mwaka 1974, na katika ghuba ya Mnazi, kusini mwa Mtwara, mwaka 1982.

Hapo lipo jambo la kuzingatiwa, maana hoja nyingi hulipita. Katika mapori ya bara, pori lilitangulia na mchimbaji akafuata. Baharini mambo yalikwenda kinyume. Visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, vinavyoonekana kutoka fukwe za Kinondoni, vilitangazwa kuwa maeneo tengefu mwaka 1975, mwaka mmoja baada ya gesi ya Songo Songo kugunduliwa. Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ilikuja mwaka 1994. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ikaanzishwa mwaka 1995, na ile ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma mwaka 2000. Maana yake ni kwamba pale Msimbati kisima kilikuwa na umri wa miaka 18 kabla hifadhi haijazaliwa, na waliochora mpaka waliuchora wakijua kwamba ndani yake kuna gesi. Tena, mwaka uleule wa 2004 ambao eneo oevu la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya kimataifa ya Ramsar, gesi ya Songo Songo ilianza kutiririka ndani ya bomba la kilomita 232, chini ya bahari kisha kupitia bara, hadi Ubungo. Mkono mmoja ulitia saini ya kulinda mikoko na miamba. Mkono wa pili ukafungua vali.

Mwaka 2009 sheria ikalisema waziwazi lililokuwa likitendwa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka huo ilizuia uchimbaji madini katika mapori ya akiba, lakini ikaacha mlango kwa vitu vitatu: mafuta, gesi na urani, kwa masharti maalumu. Hazikupita hata siku nyingi kabla mlango huo haujatumika. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ilikubali kuurekebisha mpaka wa Selous, iliyokuwa katika orodha yake tangu 1982, ili eneo la urani la Mto Mkuju libaki nje. Mwaka 2014 Selous ikatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, sababu kubwa ikiwa ni kuuawa kwa tembo. Kisha ukaja ujenzi wa bwawa la umeme la megawati 2,115 katika korongo la Stiegler, jiwe la msingi likawekwa Julai 2019, na mwaka huohuo sehemu kubwa ya pori lile ikapandishwa hadhi ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Tazama mchezo wa maneno: pale lilipokuwa pori la akiba, miti ilikatwa na mto ukazibwa, na zege lilipoanza kumwagwa, likaitwa hifadhi.

Sasa turudi pembezoni mwa jiji. Kabla ya Julai 2004, kiwanda cha saruji cha Wazo, pale Tegeta, kilipika mawe kwa mafuta mazito yaliyonunuliwa ng'ambo kwa fedha za kigeni. Bomba la Songo Songo liliponyoosha tawi lake hadi Wazo, kiwanda kikageukia gesi. Nyumba nyingi za matofali zilizoota Mbezi, Goba, Mbagala na Kongowe katika miaka iliyofuata zimejengwa kwa saruji iliyochomwa kwa pumzi ya kisiwa cha wavuvi wa Kilwa. Mitambo ya Ubungo nayo ilifanya kazi usiku na mchana. Wenye kukumbuka mgawo wa umeme wa mwaka 2006, mvua zilipokosekana na bwawa la Mtera likakauka, wanajua kwamba bila gesi ile giza lingekuwa zito maradufu. Baadaye likaja bomba la pili, la zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara, lililozinduliwa Oktoba 2015, na mitambo ya Kinyerezi upande wa Ilala ikawashwa.

Na Unguja? Umeme wake huondoka bara katika Ras Kiromoni, ndani ya Kinondoni, ukapita chini ya mkondo wa bahari hadi Fumba. Waya wa kwanza ulilazwa mwaka 1980. Ulipokatika Mei 2008, kisha tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kilijifunza kwa uchungu kwamba taa yake inashikwa na mkono wa upande wa pili wa maji. Waya wa pili, ulio mkubwa zaidi, ukalazwa baadaye. Kwa hiyo anayesoma ukurasa huu Vuga au Michenzani chini ya taa ya umeme amekwisha kula katika sahani moja nasi. Gesi iliyotoka ndani ya miamba inayolindwa imemwangazia beti. Hatuwezi kuzungumza juu ya visima kama watu waliosimama kando.

Lakini historia haikuandikwa na waliopata taa peke yao. Desemba 2012 watu wa Mtwara waliandamana, na kauli yao ya gesi haitoki ikasikika nchi nzima. Januari 2013 kukawa na vurugu, na Mei mwaka huo, siku ya hotuba ya bajeti ya nishati, zikalipuka tena. Majengo yakachomwa, watu wakauawa, jeshi likaingia mitaani. Wapo waliosema kuwa ni ubinafsi wa mkoa mmoja. Mimi naona ndani yake hoja ambayo wahifadhi wengi hawakuiona: watu wa Msimbati walikwisha ambiwa mwaka 2000 kwamba bahari yao sasa ni hifadhi, wasivue hapa wala pale, kwa faida ya taifa. Kisha wakaambiwa kwamba kilicho chini ya bahari hiyohiyo kitakwenda Dar es Salaam, pia kwa faida ya taifa. Mtu akiambiwa mara ya kwanza asiguse na mara ya pili aachie, ana haki ya kuuliza taifa hilo linakaa wapi.

Jibu la haraka ni kwamba linakaa huku kwetu. Basi na tuingie jikoni, tuone lilichopata.

Jiko la Mbagala bado, kwa nyumba nyingi, ni jiko la mkaa. Mkaa huingia kwa pikipiki na baiskeli kutoka Kisarawe na Mkuranga, na huuzwa kwa gunia, kwa ndoo na kwa kopo. Kipo kipimo cha zamani, debe, ambacho historia yake inachekesha na kuliza. Debe lilifika pwani hii likiwa bati la galoni 4 la mafuta ya taa kutoka ng'ambo. Kabla yake, mafuta yetu yalikuwa ya nazi na ya ufuta, na sifa ya papa kwa ajili ya majahazi. Mafuta ya taa yalipokwisha, bati lilibaki, likawa kipimo cha nafaka, cha maji na cha mkaa. Hivyo kwa miaka mingi tulipimiana msitu kwa chombo cha petroli.

Na msitu umekwisha kupimwa hadi chini. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, iliyo juu ya vilima nyuma ya jiji, ni miongoni mwa misitu ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki, yenye mimea na wadudu wasiopatikana kwingine. Msitu wa Vikindu upo hatua chache kupita mpaka wa Temeke. Yote imehifadhiwa kisheria. Yote imeliwa na shoka na tanuri, bila kampuni ya kigeni, bila mtambo wa kuchimba, bila hata mjadala bungeni. Vivyo hivyo baharini: miamba ya Kunduchi na ya ghuba ya Mnazi imepasuliwa zaidi na baruti za wavuvi haramu kuliko na bomba lolote. Anayetaka kuzungumza juu ya uharibifu wa maeneo yaliyolindwa na asiutaje mkaa na baruti, anazungumzia uharibifu wa wengine tu.

Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote upande wa wanaotaka visima. Kisima cha gesi hushika eneo dogo. Tanuri la mkaa hutembea kila mwaka likitafuta mti mwingine. Wakisema kwamba gesi moja ya Songo Songo ingeweza kuiokoa Pugu, hawasemi upuuzi. Ila miaka 20 imepita, nasi tunaweza kuuliza: je, iliiokoa? Gesi ile ilikwenda kwenye mitambo ya umeme, kwenye saruji na kwenye viwanda. Mabomba ya kupikia yalifika katika nyumba chache, zikiwamo za Mikocheni, hayakufika kwa mama lishe wa Rangi Tatu. Mtungi anaoununua jirani yangu una gesi ya aina nyingine, iliyosindikwa na kuletwa kwa meli kutoka nje. Haitoki Kilwa wala Mtwara. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa miaka 10 wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia Watanzania asilimia 80 ifikapo 2034. Ni lengo jema. Lakini linathibitisha pia kwamba mpaka mwaka huo, gesi iliyochukuliwa kwa jina la wananchi ilikuwa bado haijafika chini ya sufuria zao.

Upande wa pili nao una ushahidi wake. Kwanza, gesi na mafuta si kitu kimoja. Gesi ikivuja hupanda angani, na madhara yake kwa hewa ya dunia ni makubwa, ila haimfuniki kasa wala kaa wa mikoko. Mafuta hulala. Julai 2020 meli iitwayo Wakashio ilipanda mwamba huko Mauritius ikamwaga takriban tani 1,000 tu za mafuta, nayo yakatosha kutia weusi sehemu ya pwani na mikoko ya kisiwa cha ndugu zetu wa bahari hii. Pili, kisima hakiji peke yake; huja na barabara, na barabara huja na kila mtu. Nchini Uganda, mradi wa Tilenga wa TotalEnergies una visima zaidi ya 400, na viwanja 10 vya visima hivyo vimo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls. Mafuta yake ni mazito kama nta, hivyo bomba lake la kilomita 1,443 lazima lipashwe moto njia nzima hadi Chongoleani, Tanga, ambako meli zitapakia jirani na Hifadhi ya Bahari ya Silikanti na kando ya mkondo wa Pemba. Maamuzi yaliyofanywa kwa ajili ya twiga wa Uganda yana mwisho wake katika nyavu za Wapemba.

Wapo waliokataa. Katika Kongo ya mashariki kampuni ya SOCO ya Uingereza ilipewa kibali ndani ya Hifadhi ya Virunga mwaka 2010, na mwaka 2014, baada ya kelele za dunia, ikakubali kuacha. Jambo linalonivutia ni kilichofuata: hifadhi hiyo, inayoliwa na mkaa wa kuuzwa Goma kama Pugu inavyoliwa na Temeke, ilijenga mitambo ya maji, na ule wa Matebe wa megawati 13 ukawashwa mwaka 2015. Waliokataa mafuta walielewa kwamba lazima watoe moto mwingine. Huko Ekwado, Agosti 2023, wananchi wapatao asilimia 59 walipiga kura ya kusimamisha uchimbaji katika hifadhi ya Yasuní, waliulizwa, wakajibu. Alaska kwa upande wake ni somo la mlango usio na komeo: eneo la pwani ya hifadhi ya kaskazini liliachwa bila uamuzi mwaka 1980, likafunguliwa kwa sheria mwaka 2017, vibali vikauzwa 2021, vikafutwa 2023, na mnada wa Januari 2025 haukupata mnunuzi hata mmoja. Kila serikali ilikuja na ufunguo wake.

Msimamo wangu basi ni huu, na msomaji ana haki ya kuukataa. Visima vya mafuta visiruhusiwe katika hifadhi na mapori yetu, wala katika bahari ya mikoko na miamba inayowalisha wavuvi wa pande zote mbili za mkondo. Hasara yake ikitokea haina kipimo wala fidia. Gesi iliyokwisha kufunguliwa Songo Songo na Mnazi iendelee, kwani kuifunga leo ni kumrudisha kila mtu porini na shoka. Lakini lisifunguliwe eneo jipya lililolindwa kabla gesi ya zamani haijaingia katika majiko ya Mbagala na Tegeta kwa bei ya mkaa, na kabla Msimbati na Songo Songo hazijaona kwa macho yao sehemu yao. Na mpaka ukitakiwa kusogezwa, waulizwe kwanza wale walioondolewa au kukatazwa ulipochorwa.

Tukifanya kinyume cha hayo tutakuwa tumelipa mara mbili: hifadhi ya bahari kwa ajili ya umeme, na msitu wa Pugu kwa ajili ya ugali. Familia yoyote ya pwani inajua namna ya kuitumia akiba. Hukaa pamoja wakakubaliana kwamba siku ya haja imefika, hutaja mbele ya wote kiasi kinachotolewa, na mgonjwa ambaye kwa ajili yake mfuko umefunguliwa ndiye anayenunuliwa dawa.